Green Charter Township, Michigan: bodi ya watu saba, kiwanda cha mabilioni na bomba moja la maji

Jumanne ya tarehe 7 Novemba 2023, wapiga kura wa Green Charter Township, sehemu ya mashambani katika jimbo la Michigan, waliwang'oa viongozi wao watano kwa mkupuo: msimamizi, karani, mweka hazina na wajumbe wawili. Bodi nzima ina viti saba. Wakazi ni kama 3,200 hivi, na idadi kama hiyo kwetu haijazi hata kata ya kawaida. Hata hivyo vyombo vya habari vya taifa zima vilifika, kwa sababu kosa la viongozi hao lilikuwa kuunga mkono kiwanda cha vifaa vya betri chenye thamani ya dola bilioni 2.36, na kampuni mama ya kiwanda hicho iko China.

Wengi waliisimulia habari hii kama sura ndogo ya ugomvi wa Washington na Beijing. Ugomvi huo upo, siukatai. Lakini ukikaa na kisa hiki kwa utulivu utaona jambo jingine lililonivutia zaidi: namna mraba uliochorwa kwenye ramani zaidi ya miaka mia iliyopita ulivyojikuta umeshika kipande kimoja tu cha mradi mkubwa, na kipande hicho kikatosha kuufanya mradi ukwame.

Tuanze na neno lenyewe. Mtanzania akisikia "township" anafikiria mamlaka ya mji mdogo: stendi, soko, maduka ya jumla. Aliyefuatilia habari za Afrika Kusini anaiona Soweto. Ya Michigan si hiki wala kile. Taunishipu, niiite hivyo tuelewane, inaweza isiwe na mji hata wa dawa. Ni ardhi kwanza, watu baadaye. Kila kipande cha ardhi ya Michigan kiko ama ndani ya mji wenye mamlaka yake ama ndani ya taunishipu, na taunishipu ziko 1,240.

Asili yake ni sheria ya ardhi ya mwaka 1785, wakati Marekani changa ilipokuwa na madeni ya vita na ardhi nyingi ya magharibi ya kuuza. Kuuza ardhi kunataka kuipima, na kuipima upesi kunataka umbo rahisi. Wakachagua mraba wa maili sita kwa sita, uliokatwa vipande 36 vya maili moja ya mraba, kila kipande ekari 640. Cha 16 kilitengwa kwa ajili ya shule. Wapimaji waliingia msituni na mnyororo wa futi 66. Minyororo 80 ni maili moja. Walipofika kwenye kona walipiga alama kwenye mti na kuandika daftarini. Kilima, kinamasi au mto haukuwazuia kuchora mstari ulionyooka. Mstari ulipita juu yake na kuendelea. Kwa Michigan, vipimo vinaanzia kwenye mstari wa msingi ambao leo ni barabara maarufu ya Eight Mile huko Detroit. Green iko katika safu ya 16 kuelekea kaskazini kutoka mstari huo, yaani maili 90 na kitu.

Kabla ya mnyororo kufika, ardhi hii ilikuwa ya Waodawa na Waojibwe, walioiachia serikali ya Marekani katika mkataba wa mwaka 1836. Kaunti inaitwa Mecosta, jina la chifu mmojawapo aliyetia saini. Aliyesaini akabaki jina, na ardhi ikahama.

Kaunti ya Mecosta ukiitazama kwenye ramani ni kama ubao wa drafti: taunishipu 16, nne kwa nne. Jiometri hiyo imeingia hadi kwenye vibao vya barabara. Zinazokwenda mashariki na magharibi zinahesabiwa kwa maili kutoka mpaka wa kusini wa kaunti, kwa hiyo ukifika 18 Mile Road umeshavuka safu tatu za maili sita sita na unakanyaga mlango wa Green. Zinazokwenda kaskazini na kusini zina namba zinazopanda kumi kwa kila maili, kama 220th Avenue. Mtu akikutajia barabara mbili tu, unajua amesimama wapi bila kuuliza "karibu na nini?" Kwetu tuliozoea "shuka pale kwenye mwembe, ukate kushoto", hii inatia wivu kidogo.

Ndani ya mraba huo kipo kijiji kinachoitwa Paris. Kina hadi mnara wa Eiffel, wenye urefu wa futi 20 hivi, umesimama katika bustani ya kaunti mahali palipokuwa kituo cha kuzalisha samaki kilichojengwa mwaka 1881. Kituo kilikaa hapo kwa sababu ya maji baridi na kwa sababu ya reli: vifaranga wa samaki walisafirishwa kwa treni kwenda kumwagwa katika mito ya jimbo. Reli ile siku hizi ni njia ya baiskeli. Pembeni unapita mto Muskegon, wenye urefu wa zaidi ya maili 200, uliobeba magogo ya misonobari enzi za wakata mbao, kisha unakwenda kumwaga maji katika ziwa Michigan. Kusini tu ya mpaka kuna mji wa Big Rapids, makao makuu ya kaunti, wenye chuo kikuu cha Ferris State. Na katikati ya yote inapita barabara kuu ya US 131, yenye njia ya kutokea pale 19 Mile Road.

Weka hayo pamoja: ardhi tambarare, barabara kuu, mji wenye maji na chuo hatua chache tu kutoka hapo. Anayetafuta mahali pa kiwanda hahitaji mchawi kumwonyesha.

Sasa serikali yenyewe. Kwa sheria ya Michigan taunishipu ina kazi tatu isizoweza kuzikwepa: kukadiria thamani ya mali kwa ajili ya kodi, kukusanya kodi hiyo, na kusimamia uchaguzi. Mengine, kama zimamoto, makaburi na mipango ya matumizi ya ardhi, inayachukua ikitaka na ikiweza. Green ni taunishipu ya hati, aina iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1947, inayoipa nguvu za ziada na kinga fulani dhidi ya mji jirani unaotaka kuimega ardhi yake. Bodi yake lazima iwe ya watu saba: msimamizi, karani, mweka hazina na wajumbe wanne, wote wakichaguliwa kwa miaka minne, kwa tiketi ya chama, siku ile ile Wamarekani wanapomchagua rais.

Msimamizi si meya. Anaongoza kikao na ana kura moja kama wenzake. Karani si mpiga chapa. Ni kiongozi aliyechaguliwa, mwenye dhamana ya kumbukumbu na sanduku la kura. Mweka hazina ndiye anayekutumia bili ya kodi ya ardhi, na wewe na yeye mnaweza kukutana dukani kesho yake.

Tazama pia kile ambacho hawana. Barabara si zao. Tangu sheria ya mwaka 1931 barabara za mashambani ziko mikononi mwa tume ya barabara ya kaunti. Shule zina wilaya zake na bodi zake. Ulinzi ni wa sherifu wa kaunti na polisi wa jimbo. Kiwanda kikija, motisha za fedha zinatoka Lansing, makao makuu ya jimbo, na maji katika mradi huu yangetoka kwenye mfumo wa mji wa Big Rapids. Taunishipu inabaki na nini? Sauti juu ya matumizi ya ardhi, muhuri wa maazimio ya kuunga mkono au kupinga, na bomba la kufikisha maji hadi kwenye kiwanja. Naomba msomaji alikumbuke hilo bomba.

Mradi ulitangazwa Oktoba 2022 na gavana Gretchen Whitmer. Kampuni ni Gotion Inc., yenye makao California, tawi la Gotion High-Tech ya Hefei, China, ambayo mwanahisa wake mkubwa ni Volkswagen ya Ujerumani. Ingetengeneza malighafi za ncha chanya na ncha hasi za betri za magari ya umeme na kuajiri watu 2,350. Hesabu hiyo ya ajira ni robo tatu ya wakazi wote wa Green, wazee na watoto wachanga wakiwemo. Jimbo liliahidi ruzuku ya dola milioni 175 katika mafungu mawili, 125 na 50, pamoja na msamaha wa kodi wa miaka 30 uliokadiriwa kufikia dola milioni 540. Kamati ya bajeti ya seneti ya jimbo ilipitisha ruzuku Aprili 2023 kwa kura 10 dhidi ya 9. Hata Lansing, kwa hiyo, kura moja tu ingegeuza mambo.

Wakati wa mazungumzo ya awali mradi ulikuwa na jina la siri, Elephant, yaani tembo. Methali ya tembo na nyasi siigusi, imejisema yenyewe.

Usiri huo wa mwanzo ndio uliochoma wengi, na nadhani uliumiza mradi kuliko bendera ya China. Ni desturi ya biashara kubwa: maofisa wa maendeleo wanazungumza faraghani ili bei ya ardhi isipande na jimbo jingine lisije na dau kubwa zaidi. Kibiashara ina mantiki. Lakini katika eneo la watu 3,200, ambako jirani anajua umenunua trekta kabla hujaliegesha, kuambiwa kwamba kitu cha bilioni mbili kimekuwa kikipikwa huku hujui ni sawa na kuambiwa hukuhesabiwa.

Hoja za wapinzani zilikuwa za aina tatu, na mara nyingi zilichanganywa katika pumzi moja. Ya kwanza ni China: hati za kampuni mama zinataja chombo cha Chama cha Kikomunisti ndani ya kampuni, na kuna kambi ya jeshi, Camp Grayling, kaskazini zaidi. Ya pili ni mazingira: kemikali, maji mengi, na mto Muskegon ulio karibu. Ya tatu ni maisha yenyewe ya mashambani, malori, mwanga wa usiku, mashamba kugeuka sakafu ya zege. Kamati ya serikali kuu inayochunguza uwekezaji wa kigeni ilipoulizwa kuhusu ununuzi wa ardhi, ilisema mwaka 2023 kwamba jambo hilo haliko ndani ya mamlaka yake. Waliounga mkono wakasema: mmeona, mambo safi. Waliopinga wakasema: mmeona, hakuna aliyeangalia. Jibu lilikuwa moja, na kila upande uliondoka nalo kama ushahidi wake.

Bodi ya zamani, chini ya msimamizi Jim Chapman, polisi mstaafu, iliona upande mwingine: ajira, na vijana wa kaunti kupata sababu ya kubaki. Wote watano walioondolewa walikuwa wa chama cha Republican, katika kaunti inayopigia Republican kura kwa wingi. Kwa hiyo anayesema hii ilikuwa vita ya vyama hajaisoma karatasi ya kura. Wapinzani wao waligombea bila chama chochote.

Vikao vya bodi kwa kawaida ni mambo ya kusinzia: bili, kaburi lililotitia, mtu anayetaka kibali cha banda. Sheria ya vikao vya wazi ya Michigan inamtaka kila mjumbe afanye maamuzi mbele ya umma, na inampa mwananchi nafasi ya kusema. Utaratibu wa kawaida ni dakika tatu kwa kila msemaji. Bodi inasikiliza, haijibu. Nimeona watu wengi wakiusifu utaratibu huo kama demokrasia ya mezani, na ni kweli una uzuri wake. Lakini fikiria umekuja na swali, unalisema kwa sekunde 180, kisha watu saba wanakutazama na kusema "asante, anayefuata". Ukifanyiwa hivyo mara tano huna swali tena, una fomu ya kukusanya saini.

Na saini hazikuwa nyingi. Kanuni ya jimbo inataka asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika eneo hilo kwenye uchaguzi wa gavana uliopita; kwa Green hiyo ni mamia tu, kazi ya wiki chache kwa mtu mwenye gari na kipaji cha kuzungumza mlangoni. Sababu ya kumwondoa kiongozi lazima iandikwe wazi na iwe ya kweli, tume ya uchaguzi ya kaunti inakagua hilo, lakini haikagui kama ni sababu ya busara. Kura waliyoipiga kuunga mkono mradi ilitosha. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2012 hakuna hatua mbili za "aondoke?" halafu "nani aje?". Aliyepo anasimama bega kwa bega na mpinzani katika karatasi moja, na mshindi anamalizia muhula uliobaki. Kuna na dirisha la muda: kiongozi wa miaka minne haguswi katika mwaka wake wa kwanza wala wa mwisho. Bodi ilikuwa imeanza kazi Novemba 2020, hivyo dirisha lilikuwa linafungwa Novemba hiyo hiyo ya 2023. Wapinzani walilijua hilo. Na bila shaka upande wa pili ulijua pia, maana Agosti 2023, miezi mitatu kabla ya kura, bodi ilitia saini mkataba wa uendelezaji na Gotion.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kitamu kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati. Bodi inayojua inaweza kuondolewa mwezi wa 11 inasaini mkataba mwezi wa 8. Ni halali? Ndiyo; madaraka hayapungui kwa sababu umma umekasirika. Ni busara? Mimi ningesema hapana. Saini ile ilikuwa na nguvu mahakamani na haikuwa na nguvu barabarani, na kiwanda cha miaka 30 kinahitaji zote mbili.

Bodi mpya, chini ya msimamizi Jason Kruse, iliingia na ahadi moja iliyokuwa wazi kwa kila mtu. Ikafuta azimio la kuunga mkono mradi, na ikafuta idhini ya bomba la maji. Lile bomba. Haikuweza kufuta ruzuku ya Lansing wala kurudisha ardhi ambayo kampuni ilikwisha kununua, ekari zipatazo 270. Haikuweza kufunga barabara. Ikakamata kitu pekee kilichokuwa mkononi mwake na kukibana.

Machi 2024 Gotion ikaenda mahakama ya shirikisho ya Magharibi mwa Michigan kudai kwamba taunishipu imevunja mkataba. Mei, jaji Jane Beckering akatoa zuio la muda: mkataba uheshimiwe wakati kesi inaendelea. Mshangao wa wakazi ulikuwa wa kweli. Tumewaondoa, tumeshinda, kisha tunaambiwa tutekeleze walichosaini wale tuliowaondoa? Lakini kisheria aliyesaini hakuwa Chapman wala wenzake. Aliyesaini ni Green Charter Township, mtu wa kisheria asiyezeeka wala kung'olewa kwa kura. Viti vilibadilika, muhuri ulibaki ule ule. Ukitaka kuona tofauti ya serikali na watawala, huna haja ya kwenda Washington. Nenda kwenye mkataba wa bomba.

Nadhani bodi mpya ilifanya kosa lililo kioo cha kosa la bodi ya zamani. Ya zamani iliamini karatasi inatosha bila watu, na mpya iliamini watu wanatosha kufuta karatasi. Tofauti ni kwamba ya pili ilikuwa na kitu ambacho ya kwanza haikuwa nacho, muda. Kiwanda kinakopa, kinaagiza mitambo, kina ratiba. Taunishipu haina haraka, na kila mwezi wa kesi ulikuwa mwezi ambao hakuna tofali lililowekwa.

Siasa za taifa nazo hazikukaa mbali. Agosti 2024 J.D. Vance, wakati huo mgombea mwenza wa urais, alikuja kuhutubia kwenye shamba la farasi karibu na Big Rapids na kukitaja kiwanda kama mfano wa kila baya. Kwa miezi kadhaa mraba huu wa maili sita ulikuwa na jina kubwa kuliko ukubwa wake, halafu uchaguzi ukaisha na kamera zikaondoka.

Mwisho wa mradi haukuamuliwa kwenye ukumbi wa taunishipu wala kwenye kura. Mwaka 2025, kuanzia Septemba, jimbo liliijulisha kampuni kwamba imekiuka masharti ya ruzuku, na kufikia Oktoba ikawa wazi kwamba linauhesabu mradi kuwa umetelekezwa: hakukuwa na kazi yoyote inayostahili ruzuku kwa zaidi ya siku 120 mfululizo. Kampuni ilielekeza kidole kwa taunishipu na kesi. Kati ya zile dola milioni 175, fedha zilizokuwa zimetumika ni milioni 23.6, za kununulia ardhi, na jimbo likazidai zirudi. Madai hayo ni kati ya Lansing na Gotion. Green Charter Township, iliyokuwa imebana bomba, haikuwa imepokea ruzuku hiyo wala haikudaiwa kuirudisha.